Sijala tangu jioni, sukari ya asubuhi inatoka wapi?

Kibuyu46

Wakuu, habari zenu. Kuna jambo linaninyima raha. Miezi minne iliyopita niliambiwa nina kisukari aina ya 2. Nina miaka 46, kilo 94, na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ilikuwa asilimia 7.4. Nikaanzishiwa dawa ya metfomini, nikanunua na kipimo cha kutoboa kidole.

Sasa sikilizeni ya jana. Saa moja na nusu jioni nilikula mayai mawili na mboga, wanga sikugusa. Saa nne, kabla ya kulala, kipimo kilisoma 6.9, changu ni cha milimoli. Nikalala nimeridhika. Nimeamka saa kumi na mbili, hata maji sijanywa, kinasoma 8.1. Nikadhani kidole kina uchafu, nikanawa, nikarudia: 8.0. Mke wangu ananitazama kama mtu aliyenyemelea jikoni usiku wa manane. Sikuamka, naapa.

Maswali ni mawili. Hiyo sukari imetoka wapi? La pili, shemeji yangu anasema kisukari ukikipata ni mpaka kaburini. Kijana mmoja wa kazini naye kanitumia video inayodai kinaondoka kwa siku saba. Nani muongo kati yao? Mimi nilishajiambia ni umri tu, ukivuka arobaini umetaboli, yaani mwili kuunguza chakula, unalala.

Nionyeshe

Uliamka, kiri tu.

Utani huo. Nakaa hapa nisubiri majibu maana mimi kila asubuhi nasoma 150, kipimo changu ni cha miligramu, kwenye chako ni kama 8.3. Nilifika mahali nikaacha kabisa kula usiku. Haikusaidia kitu, nikabaki na njaa na 150 yangu.

Mwalimu_Daftari

Kibuyu, mwambie mkeo mwizi kapatikana: ni ini lako.

Mimi nimefundisha hesabu miaka 28 na nina kisukari tangu 2014, kwa hiyo vumilieni, nitahesabu. Sukari yote inayozunguka kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 au 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake unatumia kama gramu 120 kwa siku, usingizini hausimami. Gawanya kwa saa 24: gramu 5 kila saa. Kusingekuwa na mtu wa kujaza, saa mbili usiku ungelala na saa tatu ungekuwa umezimika.

Anayejaza ni ini. Lina akiba ya glikojeni, yaani sukari iliyowekwa ghalani, gramu 100 hivi, na ikipungua linatengeneza glukosi mpya kutokana na laktati, gliseroli ya mafuta na vipande vya protini. Kazi ya insulini, mbali na kuingiza sukari kwenye misuli, ni kuliambia ini "inatosha, acha kumwaga". Kuelekea alfajiri kotisoli na homoni ya ukuaji hupanda, mwili unajiandaa kuamka, na ini hupewa ruhusa ya kutoa zaidi. Kwa mtu mzima wa afya kongosho huongeza insulini kidogo na hakuna anayejua kilichotokea. Kwetu sisi ini limekuwa kiziwi. Linaambiwa acha, halisikii.

Kwa hiyo namba ya asubuhi usiisome kama hukumu ya chakula cha jioni. Ni taarifa ya ini zaidi. Nionyeshe, ndiyo maana kujinyima mlo wa usiku hakukukusaidia: ulimfungia mlango mgeni wakati mwizi yumo ndani.

Uziwi unatoka wapi? Hapa ndipo video ya kijana wako inapoingia. Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alitoa hoja mwaka 2008 kwamba mafuta yakijaa kwenye ini yanalifanya lisisikie insulini, kisha yanafurika hadi kwenye kongosho na kuzilaza seli zinazotengeneza insulini. Mwaka 2011 akachapisha jaribio la watu 11, chakula cha kilokalori 600 hivi kwa siku, wiki 8. Baada ya siku 7 tu, sukari yao ya asubuhi ilikuwa imeshuka kutoka wastani wa 9.2 hadi 5.9. Mafuta ya ini yalipungua kwa asilimia 30 katika wiki hiyohiyo.

Nadhani hizo ndizo siku saba za kijana wako. Ila aliyetengeneza video alifunga kitabu ukurasa wa kwanza. Siku saba ni za ini. Kongosho lilichukua wiki zote 8 kurudisha mpigo wake wa kwanza wa insulini baada ya sukari kuingia. Tena walikuwa watu 11.

Jaribio kubwa zaidi ni DiRECT, la Taylor na Mike Lean wa Glasgow, 2017. Watu 306, wenye kisukari kwa miaka isiyozidi 6, wasiotumia insulini. Nusu waliacha chakula cha kawaida kwa miezi 3 hadi 5 wakanywa supu na vinywaji maalumu, kilokalori 825 hadi 853 kwa siku, halafu wakarudishiwa chakula polepole. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na HbA1c chini ya 6.5 bila dawa yoyote ya kisukari. Kundi la kulinganishia: asilimia 4.

Lakini mimi namba niliyoiandika kwa wino mwekundu si hiyo 46. Ni mgawanyo wake kwa kilo. Waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifika. Kilo 10 hadi 15, asilimia 57. Kilo 5 hadi 10, asilimia 34. Chini ya 5, asilimia 7. Walioongezeka uzito, watu 76, hakufika hata mmoja. Nimesahihisha mitihani mingi maishani, ngazi iliyonyooka namna ile ni nadra kuiona.

Basi shemeji kakosea na kijana kakosea. Watafiti wenyewe hawasemi "kupona". Neno lao mimi nalitafsiri "ahueni": ugonjwa umekaa chini, haujaondoka nyumbani.

Nionyeshe

Mwalimu, nimesoma mwendelezo wa hilo jaribio. Mwaka wa 2 asilimia 36. Mwaka wa 5, kati ya watu 85 wa kundi la mlo walioendelea kufuatiliwa, waliobaki kwenye ahueni ni 11, asilimia 13. Kutoka 46 hadi 13: hiyo ni tiba au ni mkopo?

Halafu mimi nina kilo 66 na urefu wangu si mfupi. Nipunguze nini, mifupa?

Mwalimu_Daftari

Ni mkopo. Nami niliuchukua.

2019 nilipunguza kilo 11. Si kwa vinywaji maalumu, kwa kupima kila kitu kwenye mizani ya jikoni hadi wanangu wakaniita karani wa forodha. HbA1c ikashuka hadi 6.1, daktari akaniondoa kwenye dawa. Nikakaa miaka miwili na miezi minne. Kisha nikauguza mama, milo ikawa ya kunyakua, usingizi wa vipande, na kilo 6 zikarudi bila kubisha hodi. Namba ya kwanza kuniambia haikuwa ya mizani, ilikuwa ya asubuhi. 5.8, 6.3, 6.7. Daftari ninalo hapa. Leo niko kwenye nusu ya dawa niliyokuwa nayo mwanzo na sijutii ile miaka miwili hata kidogo. Waliobaki kwenye ahueni hadi mwaka wa 5 walikuwa wastani wa kilo 8.9 chini ya walipoanzia. Waliorudi kwenye ugonjwa kwa kawaida walikuwa wamerudi kwenye uzito. Kushusha ni kazi ya miezi. Kushikilia hakuna likizo, na hapo utafiti bado haujatupa mbinu inayowafaa wengi.

Kuhusu kilo 66, swali lako si la mzaha. Taylor na Rury Holman wanasema kila mtu ana kizingiti chake cha mafuta: mwili wako unaweza kuwa na ghala dogo chini ya ngozi, kinachozidi kikaenda kwenye ini hata kama suruali haibani. Kuna jaribio dogo lililochapishwa 2023, ReTUNE, la watu 20 ambao wengi wao usingewaita wanene. Kwa kupunguza asilimia 6.5 hivi ya uzito, 14 walifika ahueni. Kwako ni kama kilo 4. Ila wembamba wenye kisukari wakati mwingine wana aina nyingine kabisa ya ugonjwa, kongosho halitoi insulini ya kutosha, na huyo kumnyima chakula ni kumdhuru. Muulize daktari kama inafaa upimwe kingamwili, zile zinazoonyesha kama mwili unalishambulia kongosho lake wenyewe, kabla ya kugusa sahani.

Hatua_Mia

Mmeacha kiporo kimoja. Kibuyu, achana na hilo la umetaboli kulala ukifika arobaini. Mwaka 2021 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati kati ya miaka 20 na 60 hayatikisiki. Kushuka kunaanza karibu na 60, na ni asilimia 0.7 kwa mwaka. Mimi nina 63, kisingizio hicho niachieni mimi.

Pia tembea dakika 15 baada ya kila mlo. Msuli unaofanya kazi unachukua sukari bila kungoja ruhusa ya insulini. Kutembea hakuponyi ini, lakini saa mbili baada ya kula utaona tofauti kwenye kipimo.

Kibuyu46

Nimekawia kurudi, wiki tatu sasa. Nilimpelekea daktari swali la mlo wa kilokalori 800 na akaniuliza kwanza dawa zangu zote. Sikuwaambia hapa, natumia na ya presha. Akasema kwenye majaribio hayo dawa za kisukari na za presha zilisimamishwa siku ile ile ya kuanza mlo, chini ya uangalizi, kwa hiyo nikianza kimya kimya naweza kuanguka chooni asubuhi moja. Tumekubaliana tuanze taratibu, miadi kila wiki mbili. Niko kilo 91.2. Asubuhi ya leo 7.3.

Mwalimu, nami nimenunua daftari. Mke wangu aliomba naye apimwe. Usiku 5.0, asubuhi 5.2. Akafuta kidole, akasema: "Kumbe langu linasikia."