Makro ya ISPF inaniambia memba zote zimebadilika, nitajuaje iliyobadilika kweli?

KijanaWaLigula
Wadau habari za jioni. Niko Mtwara, kazi naifanya kwa mbali, kwenye z/OS (mfumo wa kompyuta kubwa za IBM), naandika kwa edita yake ya ISPF. Nina skripti ya REXX (lugha ya skripti ya huko) inapita kwenye maktaba ya JCL (maelekezo ya kuendesha jobu), kila memba (faili moja ndani ya maktaba) inaifungua kwa EDIT na makro (amri za edita zinazojiendesha) inayobadili jina la dataset (faili la data) ya zamani kwenda jipya, alafu inanitolea listi ya zilizobadilika ili wenzangu wazikague. Sasa listi inaleta memba zote, hata zile ambazo hilo jina la zamani halimo kabisa! Nacheki namba ya VV.MM (toleo na marekebisho ya memba) kabla na baada, MM imepanda naandika "imebadilika". Makro inaanza na RENUM, inafuata CHANGE ALL, mwisho END. Watu wanakagua memba ambazo hazina kitu, siku inaisha hivyo. Nisaidieni jamani.

mtu_wa_mikindani
Mkuu hiyo RENUM itoe. Inaandika namba upya kwenye kolamu 73 mpaka 80, kwa hiyo edita inahesabu data imeguswa hata kama JCL yenyewe iko vilevile, END inasevu na MM inapanda. Pia angalia profaili yako kama AUTONUM iko ON, nayo inapanga namba wakati wa kusevu.
Na MM usiitegemee sana. Inapanda mara moja tu kwa kikao hata usevu mara ngapi, na ikifika 99 inagota hapohapo, kwa hiyo memba ya zamani iliyohaririwa sana utaibadili na namba itabaki 99, skripti yako iseme haijaguswa. Hiyo ni mbaya kuliko hii inayokusumbua sasa, maana hii ya sasa angalau unaiona.

DadaWaLindi
Naongezea hapo. Baada ya CHANGE ALL soma RC (namba ya jibu ambayo amri inarudisha): 4 maana yake neno halikupatikana, hapo piga CANCEL uondoke. 8 ni kwamba jina jipya ni refu halikuenea kwenye mstari, hiyo iweke listi ya peke yake mtu aiangalie kwa macho, usiipitishe. CHANGE_COUNTS nayo inakupa idadi ya zilizobadilika na zilizogoma. Alafu kule kwenye skripti inayoita, EDIT inarudisha 0 ikiwa imesevu na 4 ikiwa haikusevu.
Kuna DATA_CHANGED pia, inajibu YES au NO, ila ukibadili kitu ukakirudisha kama kilivyokuwa bado inasema YES. Inakwambia memba imeguswa, haikwambii kama imekuwa tofauti.
Mimi kwa kazi ya ukaguzi nalinganisha maandishi yenyewe basi. Mwanzo wa makro nasoma mistari yote kwa LINE naiweka kwenye stemu (safu ya vigeu vya REXX), mwisho naisoma tena:

if left(kabla.i,72) \== left(baada.i,72) then tofauti = 1

Idadi ya mistari linganisha kwanza. Na tumia \== sio \=, kwa sababu \= inapuuza nafasi za mwanzoni na mwishoni, na kwenye JCL mstari kusogea ni jambo kubwa. Kwa COBOL chukua substr(L,7,66), namba zake ziko kolamu 1 mpaka 6.

KijanaWaLigula
Asanteni sana aisee. RENUM nimeitoa na AUTONUM nimezima, listi imebaki na memba chache tu na zote nimezifungua zina jina jipya kweli. Ya kulinganisha naiweka leo hii. Swali moja tu dada, mtandao wa huku ukikatika katikati ya kazi inakuwaje, naanza upya?

DadaWaLindi
Usiiendeshe kwenye skrini kaka, huku kwetu utaumia. Itupe kwenye batchi (jobu inayojiendesha kwenye mashine bila skrini), kwa programu ya IKJEFT01 na amri ya ISPSTART CMD ya skripti yako, inamalizia kule kule hata laini ikikatika. Hakikisha tu kila njia ndani ya makro inaishia END au CANCEL, maana kwenye batchi hakuna skrini ya kukusubiri.

mtu_wa_mikindani
Na listi iandike kwenye dataset memba kwa memba, usingoje mwisho. Jobu ikianguka katikati unajua ilipoishia.