Video za send-off zinagandaganda kwenye kompyuta ya nyumbani, nimebadilisha pleya lakini wapi

Kirumba_Juu (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wa video kwenye kompyuta ya nyumbani.

Mashine ni Dell OptiPlex 790, ile nyembamba, Core i3-2120, RAM GB 4, haina kadi ya grafiki ya kuchomeka. Windows 10 ya biti 64, iliwekwa upya dukani kabla ya kuuzwa. Pleya zilizopo ni VLC 3, MPC-HC iliyokuja na K-Lite, na Movies & TV ya Windows yenyewe.

Dalili ziko hivi. Video ya send-off kutoka kwa mpiga picha (MP4, GB 11, kama saa mbili) sauti inatembea vizuri, ila picha inaganda, inaruka mbele, halafu inajaa vigae vya kijivu. Movies & TV haiifungui kabisa, inataka ninunue kiongezi cha HEVC. Klipu za iPhone, zile za MOV, zinakwamakwama na rangi zimepauka. Kuna tamthilia ya MKV ambayo Movies & TV inaonyesha picha bila sauti, wakati VLC sauti ipo. Na faili moja la ibada, MP4, halifunguki popote. Umeme ulikatika kurekodi kukiwa kunaendelea.

Video za zamani za MP4 zinacheza bila shida. Ninunue hicho kiongezi, niongeze kodeki, au mashine imechoka?

---

FundiNyakato

Mkuu, usinunue chochote kwanza. Hayo ni matatizo manne tofauti, na karibu yote hayahusiani na pleya.

MP4, MKV na MOV ni matenga tu. Tenga moja linabeba sato, jingine la sura ileile limebeba dagaa. Kinachoitesa mashine ni kilichomo ndani: kodeki ya picha (njia iliyotumika kuibana, ambayo lazima itumike kuifungua), idadi ya biti za rangi, ukubwa wa fremu, na kodeki ya sauti. Ndiyo maana MP4 za zamani zinacheza na hii mpya inagoma.

Fungua video ya send-off kwenye VLC, bonyeza Ctrl+J, utuletee haya:

– Kwenye "Codec": je, ni H264 (kodeki ya zamani, nyepesi) au HEVC (H.265, mpya zaidi na nzito kufungua)?
– "Video resolution": 1920x1080 au 3840x2160?
– "Decoded format": je, kuna neno 10-bit?
– Nenda kichupo cha "Statistics", acha video itembee dakika moja, kisha soma namba ya "Lost". Ikiendelea kupanda, fremu zinatupwa kwa sababu mashine inachelewa kuzifungua.

Wakati huohuo bonyeza Ctrl+Shift+Esc, tazama CPU. Usishangae ukikosa mchoro wa GPU hapo, draiva za grafiki za kizazi hicho ni za zamani kuliko kipengele hicho.

Mwisho, bonyeza Windows+R, andika devmgmt.msc, fungua "Display adapters" utuambie jina lililoandikwa. Hilo ndilo ninalolisubiri kuliko yote, kwa sababu umesema Windows iliwekwa upya.

---

Sato_wa_Nyegezi

Kuhusu kodeki, acha kuongeza. VLC hubeba kodeki zake tumboni, haigusi K-Lite hata kidogo. K-Lite huhudumia pleya za mfumo wa DirectShow, kama MPC-HC na Windows Media Player ya zamani. Movies & TV nayo hutumia Media Foundation, njia nyingine kabisa. Ukirundika pakiti ya pili au ya tatu juu ya K-Lite, zitagombania faili moja na MPC-HC itaanza kuanguka ovyo. Baki na moja.

Na tovuti ikikuambia "pakua kodeki hii ili uone video", funga. Hapo kuna kirusi.

---

Kirumba_Juu

Nashukuru wakuu. Majibu:

Send-off: HEVC, 3840x2160, 10-bit. Lost inapanda mfululizo. CPU 100%.
Klipu za iPhone: HEVC, 1920x1080, 10-bit, fremu 30.
Display adapters: "Microsoft Basic Display Adapter".

---

FundiNyakato

Nilitarajia. Anza na hilo la mwisho.

Hilo jina maana yake Windows haina draiva ya grafiki yako, inatumia ya dharura. Katika hali hiyo hata kazi ya kupaka picha kwenye skrini, achilia mbali kuifungua video, inafanywa na prosesa. Yaani i3 yako inabeba mizigo miwili. Video za zamani zinapita kwa sababu ni nyepesi, lakini nazo zinakula CPU kuliko inavyostahili.

Nenda Settings > Update & Security > Windows Update > "View optional updates" > "Driver updates", uangalie kama kuna ya Intel ya "Display". Ikikosekana, ingia ukurasa wa msaada wa Dell, andika Service Tag iliyo kwenye stika ya kava, chukua draiva ya "Video" ya Windows 8 au 7 ya biti 64. Ukiwasha upya, Display adapters isomeke "Intel(R) HD Graphics", si Basic tena.

Hapo H.264 itahamia kwenye chipu ya grafiki. HEVC haitahamia, na usipoteze muda kutafuta mpangilio wa kuilazimisha. Intel waliweka kifungua-HEVC kamili cha biti 8 kwenye chipu za kizazi cha 6, cha biti 10 kwenye kizazi cha 7. Yako ni ya kizazi cha 2. Ilitoka kabla HEVC yenyewe haijapitishwa mwaka 2013. Kwa hiyo kila HEVC kwako hufunguliwa na prosesa tupu, yenye koa (viini vya kazi) mbili.

Kile kiongezi cha Microsoft kinategemea chipu ya grafiki ili kifanye kazi vizuri. Kwenye mashine isiyo na uwezo huo kinarudi kwenye prosesa, palepale ulipo. Hela yako ibaki mfukoni.

Vile vigae vya kijivu: video iliyobanwa haihifadhi kila fremu nzima, nyingi huhifadhi tofauti na fremu ya jirani. VLC ikichelewa inazitupa baadhi, na zile zilizokuwa zikizitegemea zinachorwa bila msingi. Faili halijaharibika.

Sasa klipu za iPhone. 1080p ya biti 10 kwa i3-2120 iko mpakani. Baada ya draiva, nenda VLC > Tools > Preferences > Input / Codecs:

– "Hardware-accelerated decoding": acha "Automatic". Ukiona kijani au michirizi, weka "Disable".
– "Skip H.264 in-loop deblocking filter": weka "All". Licha ya jina lake, inapunguza mzigo hata kwenye H.265. Utaona picha imechakaa kidogo kwenye kingo, ni bei ndogo.

Bonyeza Save, funga VLC, fungua tena. Bila kuifunga, mabadiliko mengine hayashiki.

Kupauka kwa rangi ni HDR, video yenye upana mkubwa wa mwanga na rangi. iPhone kuanzia 12 hurekodi HDR, na skrini ya kawaida haina upana huo wa mwanga. Kwa video zijazo, kwenye simu: Settings > Camera > Record Video, zima "HDR Video", halafu Settings > Camera > Formats, chagua "Most Compatible". Simu itaanza kurekodi H.264. Faili litakuwa kubwa zaidi, ila litafunguka hata kwenye mashine ya jirani.

---

JiweLaBismarck

Mkuu hapo kwenye 4K suluhisho ni kadi ya grafiki tu. Pale Makoroboi GT 710 na GT 730 hazikosekani, anachomeka na kusahau.

---

FundiNyakato

Hapana mkuu, hapo atatupa hela. GT 710 na GT 730 hazifungui HEVC, zimeishia H.264. Akizichomeka CPU itabaki 100% vilevile. Ya bei ya chini inayofaa ni GT 1030: inafungua HEVC ya biti 10 mpaka 4K, inakula wati 30 hivi, haihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai. Kwa 790 nyembamba lazima iwe na bati fupi la kuishikilia nyuma ya kava, la sivyo kava halifungi. Ajue pia haifungui AV1, kodeki mpya kuliko HEVC.

Kubadilisha prosesa ni nusu ya njia. Soketi ni LGA1155, i5-2400 inaingia, na koa nne zitaimaliza 1080p ya biti 10 bila jasho. 4K bado itaisumbua.

---

Sato_wa_Nyegezi

Kabla ya kadi, fanyeni jambo la bure. Rudi kwa mpiga picha, mwombe aitoe upya kutoka kwenye mradi wake: H.264, 1920x1080, biti 8, 4:2:0, fremu 25, Mbps 8, sauti AAC. Kwa kiwango hicho kila saa moja ni kama GB 3.6, kwa hiyo yako itafika GB 7 na kidogo. Kwake ni kubadilisha mpangilio na kusubiri. Flashi iwe exFAT au NTFS, FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4.

Akishafuta mradi, geuza mwenyewe kwa ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa kuandika amri:

ffmpeg -i sendoff.mp4 -vf scale=1920:-2 -c:v libx264 -preset veryfast -crf 22 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k sendoff_1080.mkv

Usiiache hiyo "-pix_fmt yuv420p". Bila yake chanzo cha biti 10 kinazaa H.264 ya biti 10, na hiyo chipu yako haiifungui, ni mtego unaowanasa wengi. Ukitumia HandBrake (programu ya kugeuza video yenye vitufe) chagua "H.264 (x264)", usiguse iliyoandikwa "10-bit".

Nimeandika .mkv makusudi. MP4 huandika faharasa yake (orodha ya wapi kila fremu ilipo) mwishoni, umeme ukikatika katikati faili zima halifunguki. MKV itacheza mpaka ilipokatikia. Kwa i3 hiyo kazi itachukua muda mrefu kuliko video yenyewe, iache usiku.

Hiyo ndiyo habari ya faili lako la ibada pia: haina faharasa. Jaribu programu ya untrunc: unaipa faili bovu pamoja na faili zima lililorekodiwa na kifaa kilekile kwa mpangilio uleule, inajenga faharasa upya kwa mfano huo. Fanya kwenye nakala. Kama faili lina KB chache tu, hakuna cha kuokoa humo. Na watu wa kanisani waambie warekodi kwa MKV, OBS (programu ya kurekodi) inaruhusu, wabadilishe baadaye.

Tamthilia isiyo na sauti, bila shaka sauti yake ni ya kodeki ya DTS, Movies & TV haiijui. Itazame kwa VLC, yameisha. Ukitaka icheze kila mahali, geuza sauti pekee, picha isiguswe:

ffmpeg -i tamthilia.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k mpya.mkv

Hiyo ni dakika chache kwa sababu picha inanakiliwa tu.

---

Kirumba_Juu

Draiva ya Intel nimeipata kwenye "optional updates". MP4 za zamani sasa CPU haifiki hata 20%, kabla ilikuwa inapanda juu ya nusu. Klipu za iPhone zinatembea, zinagugumia pale tu watu wanapocheza sana. Tamthilia imepona. Mpiga picha anasema mradi anao, atanitolea 1080p.

Kitu kimoja: video zikishatembea robo saa hivi, kugugumia kunaongezeka, hata kwa klipu iliyokuwa inapita vizuri mwanzoni. Na mara nyingine sauti iko nyuma ya midomo.

---

FundiNyakato

Inayoanza vizuri kisha ikachoka ni joto. Weka HWMonitor (programu ya kupima joto), tazama nyuzi za prosesa video ikitembea. Zikikaribia 100, prosesa inajipunguza kasi yenyewe. Zima, chomoa waya, fungua kava, puliza feni na mapezi yake huku umeishika feni isizunguke. Huku kwetu kando ya ziwa ni vumbi pamoja na wale wadudu wanaofuata taa, wanaganda humo kama blanketi. Pesti ya prosesa nayo pengine haijawahi kubadilishwa tangu kiwandani. Ifute kwa spiriti, weka tone dogo jipya.

Sauti na midomo: kama tofauti ni ileile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC bonyeza J au K, kila mbofyo unasogeza milisekunde 50. Kama inakua kadiri video inavyokwenda, usiguse J wala K. Simu hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika. Pitisha klipu HandBrake, kichupo cha "Video", chagua "Constant Framerate" na 30.

---

JiweLaBismarck

Nimekubali kuhusu kadi. Ila mkuu, sebuleni una TV ya 4K? Hizo karibu zote zinafungua HEVC ya biti 10 zenyewe. Chomeka flashi yenye ile GB 11 ya kwanza kwenye TV, itazame kwa ubora wake, kompyuta ibaki na ile ya 1080p.

---

Kirumba_Juu

TV ipo ya inchi 43. Nimechomeka, imekubali kwa exFAT, inateleza. Ile ya asili nimeihifadhi, siifuti.