Begi la Shangazi Zena

Kikundi: UKOO WA UJIJI (WOTE)

*Jumatano usiku*

Shangazi Zena: Assalam aleikum wanangu na ndugu zangu. Tiketi imeingia. Jumapili napanda ndege hapa Kigoma mpaka Dar, Jumatatu natoka Dar, Jumanne nipo Barcelona mikononi mwa Rehema. Jumatano tunaingia kwenye meli ya utalii, siku saba. Namshukuru Mungu. Sasa hili begi ndilo linaninyima usingizi.

Shangazi Zena: [picha]

Mama Idi: Waaleikum salaam wifi yangu. Hilo begi au gunia la mkaa? Zipu inalia huku nasikia.

Jumanne Kibirizi: Dada hongera sana. Nikuletee na dagaa kilo tatu, ni kilo tatu tu, kuna rafiki yangu yuko Ufaransa. Si nimesikia meli inapita Marseille?

Rehema: Mjomba shikamoo. Marseille tunashuka asubuhi, jioni tunarudi melini. Huyo rafiki yako atatusubiri gatini na beseni?

Jumanne Kibirizi: Marahaba. Atakuja na mfuko wake, ni mtu mstaarabu.

Rehema: Hapana Mjomba. Mama ana kilo 23 za begi la chini na 7 za kibegi cha mkononi, basi. Mama, umeweka nini humo? Andika kimoja kimoja, usinifiche.

Shangazi Zena: Madera tisa. Vitenge vya kushona vinne. Khanga pea sita. Baibui mbili. Lile gauni la harusi ya Salma. Viatu pea tano. Pasi. Birika la umeme, maana chai ya wenzetu siijui. Ekstensheni. Chetezo na udi. Mawese chupa ya lita. Asali ya Salma. Sabuni ya kufulia mche mmoja. Ya ndani sitaji.

Mama Idi: 😂😂😂 Wifi unahama.

Rehema: Mama nisikilize taratibu. Pasi, birika, udi, vyote hivyo melini havipandi. Mizigo inapita kwenye mashine pale bandarini kama uwanja wa ndege, wakikuta kitu cha kuwasha moto au cha kuchemsha wanakichukua, unarudishiwa siku ya kushuka. Wanaogopa moto kuliko mawimbi. Nchi kavu nyumba ikiungua unatoka nje, baharini nje ni wapi?

Shangazi Zena: Udi nao ni moto?

Rehema: Mama, kaa la udi!

Shangazi Zena: Basi nitajifukiza kabisa huku kabla sijatoka, nguo zote. Harufu nayo wataichukua?

Rehema: Hiyo hawaipimi 😅. Na ekstensheni iache, nyingi wanazikataa, hasa hizi zenye kidude cha kuzuia umeme mkubwa. Njoo na adapta moja tu. Tundu za kule ni za pini mbili za duara, plagi zetu za pini tatu haziingii.

Salma Tabora: Shikamooni wakubwa wote. Shangazi asali itoe. Nisamehe, ni mimi niliyeileta, ila kwenye kibegi cha mkononi kitu cha majimaji hakizidi mililita 100, na kwenye begi kubwa ikipasuka utavaa asali siku saba.

Shangazi Zena: Marahaba mwanangu. Na mawese je?

Salma Tabora: Mawese ndiyo usiseme. Doa la mawese unalijua wewe kuliko mimi.

Mama Idi: Si afunge kwenye rambo mbili tatu?

Jumanne Kibirizi: Rambo za wapi mke wa kaka, zimepigwa marufuku tangu 2019. Au unazo za akiba uvunguni?

Mama Idi: Hayakuhusu.

Salma Tabora: Cha muhimu kwangu ni dawa. Shangazi, vidonge vyako vya presha usivimimine kwenye kopo la Blueband kama ulivyozoea. Viache kwenye boksi lake, pamoja na karatasi ya daktari, na hesabu ya siku zote za safari kisha ongeza za wiki nzima. Viwe kwenye kibegi unachobeba mwenyewe. Halafu nenda duka la dawa ukaulize kidonge cha kichefuchefu kinachopatana na dawa zako. Kinamezwa kabla ya kuanza kuumwa. Ukisubiri utapike ndipo umeze, nacho kinatoka na wenzake.

Shangazi Zena: Mimi ni mtoto wa ziwani, nitatapika wapi?

Jumanne Kibirizi: Dada, mwaka ule tunarudi kutoka Kirando mwezi wa saba, ule upepo wa kusi. Nitaje nani alishikwa mabega?

Shangazi Zena: Yale maharage yalikuwa yamelala.

*Alhamisi asubuhi*

Idi (na Babu): Babu amesikia yote, nilimsomea. Anasema niandike, miwani yake imekatika mkono. Haya, anaanza:

Idi (na Babu): "Zena mwanangu. Nilikuwa baharia wa Liemba, meli ya hapa Ziwa Tanganyika, wakati nyie mnanyonya. Kule kusini vituo vingi havikuwa na gati. Meli inasimama majini, inapiga honi, mitumbwi na maboti yanakuja mbio yanajibana ubavuni. Watu wanapanda, watu wanashuka, kuku, magunia, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono, yote kwa mlango mmoja na taa moja. Hapo Lagosa, usiku, mama mmoja alitanguliza mzigo wake kwenye boti ili yeye ashuke akiwa mwepesi. Boti ikajaa, ikaondoka. Honi ikalia. Mzigo ukalala Lagosa, mama akalala Liemba, na nepi za mtoto ziko kwenye mzigo. Tulichana shuka la nahodha msaidizi."

Idi (na Babu): "Tangu siku ile kila abiria nilimwambia: cha usiku wa leo kisitoke mkononi mwako. Mzigo mkubwa ni wa meli. Kifurushi ndicho chako."

Rehema: Babu shikamoo! Hilo hilo ndilo nilitaka kulisema, wala sikujua kama linatoka Liemba. Mama, kule ukifika bandarini wapagazi wanachukua begi kubwa, wanasoma lebo ya namba ya chumba, linaondoka. Wewe unaingia melini mchana, begi linaweza kufika mlangoni kwako jioni, hata usiku baada ya chakula. Saa zote hizo wewe ni wewe na kibegi chako.

Idi (na Babu): Babu anasema marahaba, na anasema "hakuna jipya."

Rehema: Kwa hiyo kwenye kibegi: pasipoti, dawa, miwani, chaja, pawabenki (hiyo ndege hawaitaki begi la chini), dera moja, mtandio, ndala, msala mwembamba, nguo za ndani. Na ni hicho hicho kitakachokuokoa shirika la ndege likipeleka begi lako Istanbul na wewe ukaenda Barcelona. Ndiyo maana nilikukatia tiketi ufike siku moja kabla. Meli haimsubiri mtu.

Shangazi Zena: Na kibla? Meli si inageukageuka.

Idi (na Babu): Babu: "Liemba ilikuwa rahisi. Ukielekea Mpulungu, kule kusini Zambia, kibla kiko nyuma yako, kushoto kidogo. Ukirudi Kigoma kiko mbele, kulia kidogo. Huko kwao muulize nahodha."

Rehema: Nahodha ana abiria elfu kadhaa Babu. Nitamwekea Mama dira kwenye simu. Ila simu yenyewe Mama, tukiondoka tu gatini iweke hali ya ndege, mtandao wa melini unatoka kwenye setilaiti na bili yake inaweza kuuza kiwanja.

Shangazi Zena: Sasa sitawapigia siku saba?

Mama Idi: Tutapumzika.

*Alhamisi usiku*

Rehema: Nguo. Mama, chumba cha meli ni kidogo, kabati lake ni la watu wawili wavumilivu. Madera matano yanatosha. Usiyakunje, yaviringishe, hayapigi makunyanzi na hutayakumbuka mambo ya pasi. Kitenge kimoja, gauni la harusi moja, kwa ule usiku wa kuvaa rasmi. Sweta, jioni juu kwenye sitaha kuna baridi ya upepo. Viatu pea tatu: raba za kutembelea, uzivae kwenye ndege maana ndizo nzito, ndala, na vile vya gauni.

Shangazi Zena: Khanga siachi hata moja.

Rehema: Khanga lete pea tatu na sitakubishia. Taulo, shuka, pazia, mto kwenye basi. Tukishuka Civitavecchia kwenda Roma, pale Kanisa la Mtakatifu Petro hawamwingizi mtu aliyeacha mabega au magoti wazi, watu wanarudishwa na majoho yao ya ufukweni. Khanga begani unapita.

Shangazi Zena: Mimi mabega wazi tangu lini? Hizo ni zako wewe.

Rehema: Ndiyo, zangu 😂

Salma Tabora: Da Rehema simulia ile ya asubuhi ya mwisho. Shangazi hajaisikia.

Rehema: Nilikuwa nimeizika hiyo. Haya. Usiku wa mwisho mnaambiwa mtoe mabegi makubwa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane, wayashushe wakati mmelala, asubuhi mnayakuta bandarini yamepangwa. Mimi na uhodari wangu nikafungasha saa tatu, kila kitu, nikafunga, nikatoa, nikalala fofofo. Naamka asubuhi, nafungua kabati: hanga. Hanga tupu zinanitazama. Suruali hakuna, blauzi hakuna, viatu hakuna. Nilikuwa na fulana ya kulalia na khanga ya Mama niliyojifungia. Basi nikajifunga vizuri, nyingine kichwani, kwa bahati ilikuwa ni pea, nikashuka kwenye kifungua kinywa na ndala za hoteli. Mzungu mmoja akaniambia nimependeza, akauliza ni vazi la sherehe gani.

Mama Idi: Ukamwambiaje?

Rehema: Nikamwambia ni ya kushuka melini.

Jumanne Kibirizi: 😂😂😂😂

Idi (na Babu): Babu anacheka mpaka anakohoa. Anasema "kifurushi, kifurushi, kifurushi."

Idi (na Babu): Anaongeza: "Rehema, hao wenyeji wako Wajerumani mwaka 1913 waliijenga Liemba kwao Papenburg, wakaifungua kipande kipande, wakaipanga kwenye makasha 5,000. Meli mpaka Dar, reli kuja huku, wakaiunga upya hapa Kigoma, 1915 ikaingia majini. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe Waingereza wasiipate, lakini kabla ya hapo wakapaka injini grisi nene. Waingereza walipoiibua 1924 injini bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini. Meli nzima ilifungashwa mara mbili. Zena anashindwa na madera."

Shangazi Zena: Baba Mdogo, wao hawakupangiwa kilo 23.

*Ijumaa*

Rehema: Nilisahau. Kuta za chumba ni za chuma. Ukija na vindoano vya sumaku unaning'iniza mitandio, kofia, mkoba, chumba kinapumua.

Jumanne Kibirizi: Sumaku ninazo! Spika mbovu nne ziko stoo. Namtuma Idi azilete sasa hivi, atazifunga kwenye kitambaa.

Rehema: Mjomba nilimaanisha vile vidogo...

Jumanne Kibirizi: Ameshaondoka.

*Jumamosi mchana*

Shangazi Zena: Nimelipeleka begi Kibirizi kwenye mzani wa dagaa. Mara ya kwanza 29. Nikatoa pasi, birika, ekstensheni, mawese, asali, madera manne, vitenge vitatu, viatu vya kijani. Ikawa 25 na nusu. Nikatoa chetezo kwa machozi. 25. Nikatoa mche wa sabuni. Bado 24 na robo. Watu wa sokoni wamenizunguka, mmoja anasema nitoe khanga, nimemwambia aangalie dagaa wake.

Salma Tabora: Kuna kitu humo Shangazi. Hesabu haiji.

Jumanne Kibirizi: Mzani wa huko una mkono mzito, mnaujua.

Shangazi Zena: Nimetoa kila kitu juu ya turubai, wanawake wananisaidia. Nimekuta kitambaa chini kabisa. Sumaku nne. Kila moja kama kongoro la ng'ombe. Nimeziweka kwenye mzani: kilo moja na robo tatu. Na zimenata na mzani, hazitoki.

Mama Idi: 😂😂😂😂😂

Jumanne Kibirizi: Sasa hizo ndizo zinazoshika.

Rehema: Vindoano nitanunua mimi huku Mjomba. Ahsante kwa moyo.

Shangazi Zena: 22 na nusu. Nimefunga. Asiniguse mtu.

Jumanne Kibirizi: Imebaki nusu kilo. Dagaa nusu kilo si anaingia?

Shangazi Zena: Jumanne.

*Jumapili*

Shangazi Zena: Nipo uwanjani. Wamepima, 22 na nusu, kijana wa mzani kanisifu. Begi limepita kwenye kale kamlango ka raba, limekwenda. Nina kibegi changu: pasipoti, dawa kwenye boksi lake, dera, khanga, msala. Baba Mdogo, kifurushi kipo mapajani, sikiachi hata nikienda msalani.

Idi (na Babu): Babu anasema "mwanangu huyo." Anakuombea safari njema.

Salma Tabora: Safari njema Shangazi. Kidonge umemeza?

Shangazi Zena: Nitameza karibu na meli, hapa ni ndege tu.

Mama Idi: Wifi safari njema, utuletee picha. Nipo hapa dukani kwako, wateja wa khanga wawili wanasubiri. Ufunguo wa stoo umeuweka wapi?

Shangazi Zena: Si nimekupa?

Mama Idi: Umenipa wa mlango wa mbele.

Shangazi Zena: Subiri.

Shangazi Zena: Yarabi.

Shangazi Zena: Uko kwenye mfuko wa pembeni. Wa begi kubwa.

Rehema: Mama!

Idi (na Babu): Babu anasema vunjeni kufuli.