Tupeane uzoefu: mabadiliko ya dakika za mwisho kwenye ujenzi, uliyafanya au uliyaacha?

Mwana wa Uru

Wakuu, heshima kwenu. Najenga Olasiti, Arusha. Vyumba vitatu, jamvi (zege la sakafu) lilimwagwa kabla ya kuta kupanda, boma limeshafika lenta, yaani zege la juu ya milango na madirisha, na mbao za kupaulia nimeshalipia nusu. Ramani ilichorwa kwa ajili yangu, mke wangu na watoto. Sasa mama yangu, ambaye anaishi peke yake Uru tangu mzee afariki, magoti yamemsumbua mpaka anatembelea mkongojo. Tumekaa na ndugu zangu, tumekubaliana ahamie kwangu.

Chumba kilicho karibu na sebule ni cha wageni na hakina choo. Choo cha wote kiko mwisho wa korido, mlango wake sentimita 70. Fundi amenipigia hesabu ya kuweka choo na bafu ndani ya chumba kile: kupasua jamvi, kupandisha ukuta, kuhamisha mlango, kulaza bomba la maji taka mpaka kwenye chemba, lile shimo dogo la nje ambapo mabomba hukutana. Jumla inameza fedha yote niliyoitenga kwa marumaru na geti.

Mke wangu anasema tufanye, na moyo wangu uko hukohuko. Lakini shemeji yangu, mtu aliyejenga zaidi ya mara moja, anasema nyumba nyingi hazifiki mwisho kwa mtindo huu wa kuongezaongeza, na kwamba nitahamia kwenye nyumba isiyo na sakafu. Simdharau. Maboma yaliyoota majani tunayaona kuanzia Muriet mpaka Kisongo, na si yote yaliyokwama kwa sababu mwenyewe alifukuzwa kazi au aliugua. Mengine mwenyewe alibadilisha mawazo kila hatua.

Naomba tupeane uzoefu. Sitafuti bei, bei zinapanda na kushuka. Nataka kujua mabadiliko uliyoyafanya mwishoni kabisa uliyaamuaje, ulipima kwa kitu gani. Na yale uliyoyakataa, unayaonaje leo ukiwa unaishi humo ndani?

Mama wa Njiro

Kaka, Mungu akubariki kwa kumkumbuka mama.

Kwetu ilikuwa madirisha. Boma limesimama, kumepauliwa, lipu ya ndani imeanza, ndipo ikaonekana sebule ina giza mchana kweupe. Jirani alikuwa amepandisha ukuta mrefu wakati sisi tuko kwenye msingi, na mwanga wote wa upande ule ukaishia hapo. Fundi wa aluminiamu alikuwa ameshapima lakini hajakata. Hilo lilitusaidia sana, kwa sababu dirisha likishakatwa kwa kipimo chako hakuna duka litakalolipokea.

Wazo la kwanza lilikuwa kuyapanua madirisha kwa pembeni. Fundi mzee akatukatalia. Akasema ukipanua unapita mwisho wa lenta, itabidi uivunje na umwage nyingine huku paa liko juu. Akashauri tushuke badala ya kwenda pembeni: tuondoe kozi mbili za tofali chini ya dirisha, upana ubaki uleule, lenta isiguswe. Tulilipa kazi ya kubomoa, kioo na grili za ziada, na fedha ilitoka kwenye kabati za jikoni. Nimepika muda mrefu nikiwa na meza ya mbao na rafu za ukutani, wala sikupungukiwa kitu. Sebule inapata mwanga mpaka jioni.

Nililolikataa ni mlango wa pili wa jikoni kutokea uani. Hilo hunirudia kila nikibeba ndoo kuzunguka nyumba, nisikufiche.

Kijana wa Sakina

Mkuu, shemeji yako ana hoja kuhusu fedha, ila marumaru si sakafu. Piga niru safi, ile sakafu ya saruji iliyolainishwa, hamia. Nyumbani tumekulia kwenye niru, na marumaru yakaja chumba kimoja kimoja kila fedha ilipopatikana.

Fundi wa Pasua

Mimi ni fundi uashi, kazi zangu ni Moshi, kuanzia Mabogini mpaka Kibosho juu. Ndugu, kabla hujakubali hesabu ile, mrudie fundi wako umwulize: chumba hicho kina ukuta wa nje? Kama kinao, choo kisogezwe kwenye ukuta huo. Kuna choo cha kukaa ambacho maji yake hayashuki sakafuni, yanatokea nyuma. Bomba la inchi 4 linatoboa ukuta, linashukia nje, linafuata ardhi mpaka kwenye chemba. Hapo hujapasua jamvi kwa ajili ya choo.

Linalobaki ni maji ya kuogea. Wengine watakwambia unyanyue sakafu ya bafu ili bomba lipite juu ya jamvi. Kwa mama mwenye mkongojo usikubali. Ngazi ndogo ya sentimita 10 ndiyo inayowaangusha wazee. Kata mfereji mwembamba kwenye jamvi kutoka bafuni mpaka ukuta wa nje, na ukatwe kwa grinda. Nyundo inatikisa kuta ambazo bado hazijabebana na paa. Bomba lipewe mteremko wa kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Nailoni iliyo chini ya jamvi ikikatwa, weka nyingine ipandane na ya zamani kabla ya kurudishia zege, la sivyo unyevu utapanda pale pale.

Mlango ufanye sentimita 90, wa chumba na wa bafu. Leo ni mkongojo, kesho inaweza kuwa kiti cha magurudumu. Na pale atakaposhikilia akiinuka chooni, zile tofali zijazwe zege sasa hivi. Chuma cha kushikilia utakinunua hata mwakani, lakini tofali lenye tundu halitashika skrubu.

Sasa kuhusu kupima. Mteja akiniita kwenye mabadiliko namwuliza: wiki chache zijazo kitu hiki kitakuwa kimefunikwa au hakijafunikwa? Kilicho chini ya jamvi, kilicho ndani ya ukuta na kilicho juu ya dari, kama unakihitaji kweli, kifanye sasa hata kama kinauma. Geti, rangi, marumaru na kabati, nyumba itavisubiri. Nimeona watu wakifanya kinyume: wananunua marumaru ya bei mbaya, halafu mwaka unaofuata wanayapasua kufuata bomba.

Nina onyo moja. Usiruhusu mabadiliko ya mdomo. Chukua daftari, andika kinachobadilika, bei ya vifaa, bei ya kazi, na kinachoondolewa ili hiki kiingie. Tia saini, fundi naye atie. Fundi mwaminifu hataona vibaya, daftari linamlinda na yeye pia.

Na kwa walio kwenye udongo mweusi wa huku chini, ule unaovimba ukilowa na kupasuka wakati wa kiangazi: kuongeza chumba kwenye msingi uliokwisha si jambo la kuamua jioni moja. Msingi wa zamani umeshatulia, mpya bado, na ufa unatokea pale vinapokutana. Vilevile anayetaka kugeuza nyumba ya chini iwe ghorofa wakati kuta ziko kwenye lenta, amwite mhandisi aone nguzo na nondo zilizopo kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Mimi kazi hiyo naikataa bila mhandisi, hata nikiwa sina kazi nyingine.

Mwana wa Uru

Fundi, ahsante sana. Chumba kina kuta mbili za nje. Nimempigia fundi wangu, amekiri hakuwa amefikiria choo cha kutokea nyuma, na hesabu imeshuka karibu nusu. Geti tutaweka la mabati kwa sasa. Milango ya sentimita 90 nimeshamwambia. Wakuu, endeleeni, nasoma yote.

Mzee wa Ngaramtoni

Kijana wangu, nami nichangie. Mwaka 2007 nilikuwa najenga, kuta zimefika madirishani. Mwezi wa saba yakaanza yale matetemeko ya kutoka upande wa Gelai, kusini mwa Ziwa Natron. Lile kubwa la tarehe 17 Julai lilisikika mpaka Nairobi. Huku kwetu watu walilala nje. Mwezi wa tisa Oldoinyo Lengai ukalipuka.

Ramani yangu ilikuwa na lenta juu ya milango na madirisha tu. Nilisimamisha kazi, nikabadilisha: mkanda wa zege wenye nondo uzunguke nyumba nzima bila kukatika, ukutane kwenye kila kona. Ndugu zangu walisema natupa fedha, kwamba nyumba za wazee wetu zimesimama bila mkanda. Nikawajibu nyumba za wazee wetu zilikuwa za miti na udongo, zinayumba na kurudi. Tofali haliyumbi, linapasuka.

Fedha ilikuwa ya dari. Tuliishi bila dari kwa muda, na mnaijua baridi ya Juni na Julai huku juu, asubuhi bati linatiririka umande. Wanangu walilalamika. Lakini dari niliiweka baadaye nikiwa nimekaa ndani. Mkanda nisingeweza kuurudia.

Mangi Mdogo

Shikamoo mzee. Sisi tulijenga Kibosho, na haraka yote ilikuwa Krismasi, ukoo mzima uingie mpya mwezi wa kumi na mbili. Kenchi, zile mbao za kubeba paa, zimeshafungwa, kaka yetu wa Dar es Salaam akatuma picha: anataka paa la kuficha, kuta zipande kulizunguka. Fedha alikuwa tayari kuitoa yeye.

Nilikataa, na tulinuniana. Upande huu wa kusini wa mlima ndio unaopata mvua nyingi, na nyumba iko katikati ya migomba na miti. Majani yakiziba mfereji wa paa la kuficha, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani. Nani atapanda kusafisha, bibi? Kaka yuko Dar. Paa lilibaki la mgongo, maji yanamwagika nje hata tukilisahau mwaka mzima. Naona kwenye mabadiliko haya aangaliwe pia atakayebaki na nyumba, na si anayelipa peke yake.

Dada wa Shanty Town

Mangi, kwa Kibosho nakubaliana nawe. Ila paa la kuficha si baya likifanywa sawa: matundu ya kutolea maji yasiwe chini ya mawili kila upande, na liwepo tundu la dharura la juu kidogo, likianza kutoa maji unajua ya chini yameziba. Letu lina miaka, halijavuja.

Mama wa Usa River

Mwana wa Uru, kwa kuwa hujaezeka, niongeze moja ambalo sisi tulilifanya dakika ya mwisho na ninalishukuru kila siku. Maji ya visima na chemchemi nyingi za kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi mengi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ndiyo yanayofanya meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia, na kuyachemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na madini yanabaki. Meno yanaharibika wakati bado yanajijenga ndani ya ufizi, kwa hiyo wenye watoto wadogo ndio wa kuwahi.

Tulikuwa tumepanga uzio wa tofali. Tukaweka uzio wa michongoma, fedha ikaenda kwenye tenki la maji ya mvua. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 120 za mraba likinyeshewa milimita 20 linakupa kama lita 2,400, ukitoa kidogo kinachopotea. Maji ya masika tunayatunza kwa kunywa na kupikia peke yake, ya kufulia na kuogea tunatumia bomba.

Tenki si lazima ulinunue sasa. Mwambie fundi wa bati aelekeze mifereji yote kwenye kona moja, iliyo karibu na jiko. Kwenye kona hiyo mwage kitako cha zege, na upitishe bomba ukutani mpaka kwenye sinki kabla ya lipu. Bomba la kushukia liwe na kipande chenye kifuniko chini, cha kumwaga maji ya mvua ya kwanza yanayoosha vumbi la paa. Sisi tulisahau hicho kipande, tukaja kukikata baadaye, na fundi alikifanya kwa nusu siku tu.