Kukusanya hametsi sinagogini kabla ya Pasaka: tupange vipi?

MratibuMpya:
Wakuu, habari za kazi. Kamati ya huduma ya sinagogi yetu hapa Marekani inataka Pasaka ya Kiyahudi ya 2027 watu wasitupe hametsi (vyakula vya nafaka vilivyokatazwa wakati wa Pasaka) ambayo haijafunguliwa, bali tuikusanye iende benki ya chakula. Sikukuu inaingia jioni ya Jumatano, 21 Aprili. Maboksi tuyatoe lini na tuyafunge lini? Tupokee nini? Kuna pia wanaotaka tuunganishe na maot hitim, yaani mchango wa mahitaji ya Pasaka kwa Wayahudi wasiojiweza.

MlinziWaStoo:
Anza na siku ya mwisho, kisha urudi nyuma. Hametsi lazima iwe imetoka mikononi mwenu kabla ya kwisha saa ya tano ya mchana wa 14 Nisani (mwezi wa kalenda ya Kiyahudi), yaani Jumatano hiyo hiyo asubuhi. Mchana hugawanywa mara 12 toka jua kuchomoza, kwa hiyo dakika kamili zitazame kwenye kalenda ya mji wenu.

Jumamosi ya tarehe 17 ni Sabato, msipange kazi yoyote. Fungeni maboksi Jumapili 18 saa sita mchana, chambueni alasiri, pelekeni Jumatatu 19. Jumanne iachwe wazi kwa dharura, maana usiku wake watu wanasaka mabaki majumbani na huwa kuna anayetokea na mfuko wa tambi amechelewa. Maboksi yatoke wiki mbili kabla. Pigeni simu benki ya chakula mapema. Nyingi hupokea kwa miadi tu.

Mzigo ukikwama sinagogini, mwambieni rabi auingize kwenye mauzo ya hametsi kwa asiye Myahudi kabla ya muda kuisha. Usipouzwa, hametsi iliyokaa mikononi mwa Myahudi wakati wa Pasaka, Wayahudi hawaruhusiwi kunufaika nayo hata sikukuu ikiisha. Hapo ndipo jitihada nzima huharibika.

Kipimo:
Naongezea upande wa kuchambua. Hametsi inatokana na nafaka tano: ngano, speliti, shayiri, rai na oti. Mchele na maharage si hametsi, ingawa Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) wengi hawavili Pasaka; mtu akivileta pokeeni, benki ya chakula inavitaka. Kataeni kilichofunguliwa, kilichopikwa nyumbani, kopo lililovimba au kubonyea kwenye mshono, na chupa za kioo, kwa sababu moja ikipasuka boksi zima linatupwa.

Unga wa ngano utieni kwanza kwenye mfuko wa plastiki, pakiti za karatasi huchanika pembeni. Boksi lisizidi kilo 15. Makopo chini, tambi na biskuti juu. Andikeni aina ya chakula ubavuni, si juu, kwani maboksi yatapangwa moja juu ya jingine.

Kama mnahudumia pia familia za wakimbizi kutoka Kongo, huo unga ulizieni kwao kwanza. Chapati na maandazi wanapika, kwa hiyo hautalala kabatini.

RafikiWaRabi:
Maot hitim msiichanganye na ukusanyaji wa hametsi. Moja inatoa hametsi, nyingine inampa mtu vitu ambavyo bila hivyo hawezi kufanya sikukuu. Na muda wake ni tofauti: anzeni sikukuu ya Purim, 23 Machi, siku 30 kabla ya Pasaka, ili mpokeaji apate nafasi ya kununua na kupika.

Hesabu ya familia ya watu wanne: Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema hata maskini asipungukiwe vikombe vinne vya divai. Kwa kipimo kidogo cha mililita 86 kwa kikombe, watu wanne wanahitaji takriban lita 1.4 usiku mmoja, na nje ya Israeli seder (mlo wa ibada wa usiku wa Pasaka) ni mbili. Chupa nne za mililita 750 zinatosha. Wazee na watoto wapeni juisi ya zabibu. Ongezeni matza (mkate usiochachuka), mayai, viazi, mafuta na mboga chungu. Matza, divai na mafuta viwe na alama ya kosheri (inayoruhusiwa kwa sheria za Kiyahudi za chakula) kwa Pasaka, si kosheri ya kawaida. Kosa hili ni la kila mara, na matza isiyo na alama hiyo ipo madukani.

Mimi ningetoa kadi za duka kuliko vikapu. Kikapu mlangoni kinatangaza shida ya mtu kwa majirani. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, katika daraja zake nane za sadaka, aliweka juu sana ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Fedha ziingie mfuko wa rabi, majina ayajue yeye peke yake, na kamati ipewe idadi tu ya familia na watu waliomo.