Ramani imeandika "eneo tupu". Tupu kwa nani?

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha mipango miji damu inachemka. Naandika hapa nisije nikamtukana mtu.

Wamebandika ramani ukutani. Ule uwanja wetu wenye mti mmoja, mti ambao gome lake limelainika kwa migongo ya walioegemea miaka nenda rudi, umepakwa rangi ya kijivu na kuandikwa "eneo tupu". Nikanyoosha mkono: tupu kwa nani? Afisa akatabasamu. "Hizo ni hisia, mzee. Sisi tunafanya kazi na takwimu."

Haya, takwimu hizi hapa. Boston, Marekani, mtaa wa West End ulianza kubomolewa 1958 kwa madai kwamba umechakaa. Mwanasaikolojia Marc Fried aliwafuatilia waliohamishwa, na 1963 akachapisha alichokikuta: kati ya aliowahoji, asilimia 46 ya wanawake na 38 ya wanaume walikuwa na majonzi mazito, kama watu waliofiwa. Mtaa uliitwa uchafu, watu wakaulilia kama maiti.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mapenzi haya ya watu kwa mahali pao yanapimika! Mpe mkazi ramani atie alama: hapa napapenda, hapa naogopa kupita usiku, hapa ndipo tunapokutana. Ufini wanafanya hivyo kwenye intaneti, miaka sasa. Alama zikirundikana sehemu moja, mchoraji anajua asogeze barabara kabla wino haujakauka. Australia nako, Mkataba wa Burra, mwongozo wao wa kuhifadhi maeneo ya urithi, umeitaja thamani ya kijamii ya mahali tangu 1979. Sisi fomu yetu ina ukubwa wa kiwanja, matumizi, jina la mmiliki, basi. Uwanja usio na mmiliki hauna hata mstari.

Halafu tunaitwa wapinga maendeleo. (Najua, wapo wanaojificha nyuma ya mapenzi ya mtaa ili wageni wasihamie. Hao siwatetei.) Sisi hatukukataa jengo wanalotaka kuliweka hapo uwanjani. Tuliomba lisogee upande wa pili wa uwanja, mti ubaki. Tukajibiwa mchoro umeshapitishwa. Sasa kikao mliitisha cha nini?

Mlangoni tulisaini karatasi ya mahudhurio. Wakati wa kutoka nikaiona mezani, juu imeongezwa kichwa cha habari kwa kalamu nyingine: "Wananchi walioafiki".

Anayejua utaratibu wa kuondoa jina kwenye karatasi ya namna hiyo aniambie hapa hapa. Jumatatu asubuhi niko mlangoni kwao.