Tupeane uzoefu: Nani aliwahi kukaa sinema ya Majestic, Vuga, Unguja?

Nikipita Vuga lazima nisimame kidogo mbele ya Majestic. Pale palianza sinema ya Royal, 1921, mchoro wa Sinclair, msanifu wa Kiingereza, yuleyule mwenye majengo mengi ya serikali Mjini. Ikaungua 1954, na mwaka uliofuata ikasimama hii tunayoijua. Hayo yashaandikwa. Mie nataka yenu: alokupeleka nani, ulikaa wapi, ulikula nini?

BintiVuga: Bibi yangu alikuwa mtu wa zanana, onyesho la wanawake watupu. Anasema taa zikizimwa mabuibui yanatundikwa migongoni mwa viti, ukumbi mzima asumini. Kihindi hajui hata neno, lakini Raj Kapoor akimlilia kama mwanawe wa kumzaa. Kesho yake anachagua mchele huku anaimba, Kihindi cha kwake mwenyewe.

Mla Urojo: Njugu za kukaanga, kwenye karatasi ya gazeti. Mengine sikumbuki.

Mtoto wa Baskeli: Marehemu baba alikuwa mbeba mikanda. Vijana wa leo hawajui: picha ilikuwa moja, sinema mbili zinaionesha usiku huohuo. Huku wakimaliza kopo la kwanza la mkanda, analifunga kwenye kariya, anakanyaga pedeli mpaka kule wanakosubiri, halafu anarudi kufuata la pili. Akichelewa, ukumbi mzima miluzi na kugonga viti.

Masika moja tairi likatoboka njiani. Akavua shati akafunika makopo, akakimbia huku anaiburura baskeli. Kuingia tumbo wazi, anasema, alipigiwa makofi kuliko stelingi. Hapo kwenye makofi nahisi kaongeza chumvi.

Kijana wa Juzi: Mie sikubahatika. Nilipopata akili, jirani yetu ana deki ya video, tunajazana sebuleni kwake watoto ishirini, viatu mlangoni. Watu wanailaumu televisheni, nayo ilikuwapo Unguja tangu miaka ya sabini na sinema zikajaa vilevile. Kwangu mie muuaji ni deki.

BintiVuga: Na kwenye deki nani atatundika buibui?

Mwenye mada: 😂 Mtoto wa Baskeli, hebu tuambie, ile baskeli iko wapi?

Mtoto wa Baskeli: Ipo uani. Kariya imebonyea pale makopo yalipokuwa yakikaa. Mama anabebea ndoo za maji.